Mtoto anapotoka kuhara: chakula hakisubiri tumbo lipone

Taarifa za kiafya kuhusu maradhi ya kuhara zinapofika kwenye meza yetu ya habari, ziwe zimeandikwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza, huwa na mpangilio unaofanana. Hutangulia wito wa kunawa mikono, hufuata maji safi ya kunywa, kisha maelezo ya pakiti ya chumvi za kuchanganywa na maji. Mwishoni kabisa huwapo sentensi moja fupi: mzazi aendelee kumlisha mtoto. Habari ya redio ina sekunde zake, na anayetafsiri hutakiwa kupunguza maneno. Sentensi hiyo ndiyo hukatwa kwanza. Mimi mwenyewe nimeikata mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Thamani yake niliijua nyumbani kwangu, Nyamirambo, binti yetu alipokuwa na miezi 16. Alianza kwa kutapika usiku, na kulipopambazuka akawa anahara majimaji. Pakiti ya chumvi tulikuwa nayo, tukaichanganya inavyotakiwa, akanywa. Kuhusu chakula tulimsikiliza bibi yake, mwanamke aliyelea watoto sita na ambaye neno lake nyumbani halijadiliwi ovyo. "Lipumzisheni tumbo, wanangu," alisema. Tukalipumzisha. Kwa siku tatu mtoto aliishi kwa chai ya rangi yenye sukari, biskuti, na uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele. Maziwa tuliyaondoa, mayai tukayaondoa, na maharage hayakutajwa.

Siku ya nne kuhara kulikoma. Mshauri wa afya wa kijiji chetu, mama mtu mzima anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipita kumjulia hali. Alimfunga ule utepe wa rangi kwenye mkono, akautazama, akatazama na kikombe cha chai kilichokuwa mezani. "Baba," akaniambia kwa upole, "kuhara mmekutibu vizuri. Na hii njaa, nani ataitibu?"

Makala haya yanahusu swali hilo.

Kinachotokea ndani ya utumbo

Utumbo mwembamba wa mtoto haufanani na bomba laini. Upande wake wa ndani umejaa vijividole vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kazi ya vijividole hivyo ni kufyonza maji, chumvi na virutubisho kutoka kwenye chakula. Virusi vya rota, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo duniani, hushambulia seli zilizoko kwenye ncha za vijividole hivyo. Seli zikifa, vijividole hufupika, sehemu ya kufyonzea hupungua, na maji yaliyopaswa kuingia mwilini hutoka nje.

Kwa hiyo inaonekana kana kwamba busara ni kutouongezea mzigo utumbo uliojeruhiwa. Fikra hiyo si ya mabibi zetu peke yao. Hadi katika karne ya 20 hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliwafungisha watoto waliohara, saa 24 au zaidi, wakipewa maji tu. Kosa la fikra hiyo ni kuufananisha utumbo na mguu uliovunjika, ambao huwekwa bila kusogezwa mpaka uunge. Utumbo haujiungi kwa kukaa kimya. Seli za ukuta wake hujibadilisha upya kila baada ya siku chache, na kinachozichochea kuzaliana ni chakula chenyewe kinapopita. Utumbo ukikaa mtupu, ukuta wake huzidi kuwa mwembamba, na kupona huchelewa. Tena, hata katikati ya ugonjwa, mtoto huendelea kufyonza sehemu kubwa ya anachokula. Kinyesi cha majimaji humfanya mzazi aamini kwamba kila kitu kinapita bila faida, na sivyo ilivyo.

Hata pakiti ile ya chumvi hufanya kazi kwa kanuni ya kulisha. Mwaka 1960 mwanasayansi wa Marekani, Robert Crane, alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo kuna njia ambayo sukari na sodiamu huingilia pamoja, na vinapoingia huvuta maji nyuma yao. Njia hiyo hubaki ikifanya kazi hata wakati wa kuhara kukali. Mwaka 1968, David Nalin na Richard Cash walionyesha huko Dhaka kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurejeshewa maji kwa kunywa mchanganyiko wa sukari na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya mishipani katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika mapipa na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Idadi ya vifo ilishuka mno. Pakiti tunayoichana leo jikoni ilitoka huko.

Fomula inayopendekezwa sasa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja ya maji, pamoja na potasiamu na sitrati. Ni dawa ya maji yaliyopotea. Nguvu iliyomo humo ni ndogo mno kumlisha mtoto, na hapo ndipo sisi tulipokosea: tuliiona pakiti kana kwamba ndiyo matibabu yote.

Saa za mwanzo

Mtoto aliye chini ya miaka 2 hupewa kati ya mililita 50 na 100 za maji hayo baada ya kila choo cha majimaji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mwenye miaka 2 na zaidi hupewa mililita 100 hadi 200. Pakiti huchanganywa na kiasi kamili cha maji yaliyoandikwa juu yake, nyingi zikiwa za lita moja, na zipo zilizotengenezwa kwa kiasi kidogo zaidi. Anayekosa chombo cha kupimia anaweza kutumia chupa mbili za maji za nusu lita. Kupunguza maji ili dawa "iwe kali" ni hatari, kwa kuwa chumvi ikizidi huudhuru mwili wa mtoto. Yaliyochanganywa hutumika kwa saa 24, yanayobaki humwagwa.

Akitapika, mzazi asikate tamaa. Angojee dakika 10, kisha aanze tena kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Kumwachia kikombe kizima mtoto mwenye kiu ni kukaribisha matapishi mengine. Kazi hii huchosha, na ni vyema watu wawili wapokezane, kwa maana saa ya pili ya kijiko kwa kijiko ndiyo ambayo wengi huacha.

Anayenyonya aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi kuliko kawaida, mchana na usiku. Maziwa ya mama hayakatizwi kwa kuhara kwa namna yoyote ile.

Pamoja na maji hayo hutolewa vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto mwenye umri wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge huyeyushwa katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Kina ladha ya chuma, na watoto wengi hukunja uso. Zinki hufupisha kuhara na hupunguza uwezekano wa kuhara kurudi katika miezi miwili mitatu inayofuata, lakini faida hiyo ya pili humfikia aliyemaliza dozi. Wengi wetu huacha siku kuhara kunapokoma, vidonge saba vikibaki juu ya kabati.

Sahani ya mtoto anayepona

Baada ya saa chache za kurejesha maji, kiu ikitulia na macho yakichangamka, chakula kianze. Mara nyingi saa nne zinatosha. Si lazima kuhara kuwe kumekoma. Mtoto ambaye hakupungukiwa maji sana hana haja ya kungoja hata hizo saa nne. Anakula anapotaka kula.

Ale nini? Jibu la kitaalamu ni fupi kuliko wazazi wanavyotarajia: chakula chake cha kila siku, kilaini zaidi, kidogo kidogo, mara nyingi zaidi. Mtoto wa umri huu huhitaji kulishwa kila baada ya saa tatu au nne, takriban mara 6 kwa siku, kwa kuwa tumbo lililotoka kwenye maradhi halichukui mlo mkubwa kwa mkupuo mmoja.

Nchini Rwanda hatukosi cha kumpa. Ndizi za kupika zilizochemshwa na kupondwa, zikatiwa kijiko cha mafuta. Viazi vitamu. Wali uliolainika pamoja na maharage yaliyochujwa maganda. Karoti na dodo vilivyopikwa vikaiva na kukatwakatwa. Yai lililoiva hadi kiini. Sambaza wa Ziwa Kivu waliokaushwa, wakasagwa kuwa unga na kunyunyizwa juu ya chochote kilichomo sahanini; kijiko kimoja cha unga huo huongeza protini bila mtoto kujua. Parachichi lililoiva, ambalo ningelitaja la kwanza kama ningeandika kwa mpangilio wa mapenzi yangu: ni laini, halihitaji moto, lina mafuta na potasiamu, na katika msimu wake hata nyumba ya kipato kidogo hulipata. Ndizi mbivu nayo hurejesha potasiamu iliyopotea kwa kuhara.

Uji unastahili maneno yake peke yake, maana ndio unaotudanganya. Tumbo la mtoto huchukua takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo 10 hushiba kwa mililita 300 hivi. Zikiwa za uji mwepesi, ameshiba maji. Mtoto mwenye mwaka mmoja hadi miwili huhitaji karibu kalori 900 kwa siku, na haziwezi kupatikana katika vikombe vya uji wa aina hiyo hata akivimaliza vyote. Uji wa mtoto anayepona uwe mzito kiasi cha kubaki juu ya kijiko kikiinamishwa. Unga wa mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi, ule tuuitao sosoma, ni mzuri kuliko unga wa mahindi matupu kwa sababu ya protini ya soya, na kijiko cha chai kimoja au viwili vya mafuta ya kupikia kwa kila bakuli huongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Najua mafuta kwa mtoto mgonjwa huwashtua watu. Yalimshtua na bibi wa nyumba yetu. Ushauri huo hata hivyo umo katika miongozo ya WHO yenyewe, na sababu yake ni hiyo niliyoieleza: tumbo dogo, mahitaji makubwa.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe pana ukweli nusu unaozungumzwa kila nyumba. Ni kweli kwamba kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vijividole vilivyojeruhiwa, hivyo kwa siku chache kinaweza kupungua. Lakini watoto wengi huendelea kunywa maziwa yao bila tatizo, na hakuna haja ya kuyazimua. Iwapo kuhara kunaongezeka waziwazi kila anapokunywa, ikivuguto, maziwa yetu ya mgando, huvumilika zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na bakteria walioyagandisha. Yawe yametengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Kwa mtoto anayetegemea maziwa ya mama, mjadala huu haumhusu.

Vinavyopaswa kukaa mbali ni vinywaji vya sukari: soda, juisi za pakiti, chai tamu. Sukari nyingi isiyofyonzwa huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara huongezeka. Chai ya rangi, zaidi ya sukari yake, huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula yasifyonzwe vizuri. Kwa hiyo kile kikombe tulichokuwa tukimpa binti yetu kwa huruma kilikuwa kikifanya kinyume cha nia yetu. Asali nayo haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Wazazi wanaosoma mitandaoni watakutana pia na mlo wa ndizi mbivu, wali, tofaa lililopondwa na mkate uliokaushwa, uliopata umaarufu mkubwa Marekani. Hakuna sumu katika vyakula hivyo. Upungufu wake ni kwamba havina protini wala mafuta ya kutosha, na madaktari wa watoto wa huko huko Marekani hawashauri tena mtoto afungiwe humo. Viongezwe yai, maharage au samaki, na vitakuwa mlo kamili.

Akikataa kula

Haya yote ni rahisi kuyaandika. Mtoto mwenyewe hufumba mdomo, hugeuza shingo, na kijiko humwagika kifuani. Hamu ya kula hupungua wakati wa ugonjwa na hurudi polepole. Kumbana pua ili ameze, mtindo ambao bado upo, kunaweza kumpalia, na humfundisha kuogopa kijiko. Kinachosaidia ni kumpa anachokipenda kwanza, kidogo, katika sahani yake mwenyewe, mzazi akiwa ameketi mbele yake na simu ikiwa mbali. Akila vijiko vitatu na kukataa cha nne, basi. Baada ya saa moja vijaribiwe vingine vitatu. Maji ya chumvi yatangulie au yafuate kwa nafasi, yasijaze tumbo dakika moja kabla ya chakula.

Kisha inakuja siku ambayo hamu hurudi kwa kishindo. Kwa binti yetu ilikuwa siku ya sita. Alimaliza bakuli, akanyoosha mkono kwenye sahani ya bibi yake. Wakati huo ndio wa thamani kuliko wote, na ndio unaopotezwa zaidi, kwa sababu nyumba nzima imeshasahau ugonjwa. Mapendekezo ya WHO ni kumwongezea mtoto mlo mmoja zaidi kila siku kwa wiki mbili baada ya kuhara kukoma. Mwili unaopona huwa tayari kukua kwa kasi ili kufidia uzito uliopotea. Kinachohitajika ni chakula cha kukulia. Mlo huo si lazima upikwe upya: nusu parachichi na yai saa kumi jioni ni mlo.

Kwa nini wiki mbili hizo zina uzito kiasi hiki? Kuhara kumoja, kwa mtoto aliyeshiba, hupita na kusahaulika. Lakini watoto wadogo huhara mara kadhaa kwa mwaka. Kila kipindi kikiondoa uzito, na kingine kikianza kabla wa kwanza haujarudi, mtoto huachwa nyuma kidogo kidogo, kwanza kwa uzito na kisha kwa urefu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kutoka asilimia 38 katika utafiti wa mwaka 2014 na 2015. Sababu za kudumaa ni nyingi, umaskini ukiwamo, na kuhara kunakojirudia bila kulishwa ipasavyo ni mojawapo.

Yasiyo chakula lakini yanayoamua

Uji uliopikwa alfajiri na kuwekwa kwenye chupa ya chai ili umfae mtoto hadi jioni ni desturi ya familia nyingi ambazo wazazi wote wawili hufanya kazi. Chupa ya kawaida haidumishi joto la kuua vijidudu kwa siku nzima. Baada ya saa kadhaa uji huwa vuguvugu, na huo ndio ujoto ambao bakteria huupenda. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili ni bora kisipewe mtoto anayepona. Apikiwe kidogo, mara nyingi, na kilichohifadhiwa kipashwe moto hadi kichemke. Kikombe na kijiko husafishika kwa urahisi kuliko chupa ya kunyonyea, ambayo mpira wake huficha mabaki. Na anayembadilisha nepi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bakuli, hata kama ni bibi, hata kama ni kaka yake wa miaka saba aliyeombwa "amshike mtoto kidogo".

Rwanda ilianza kutoa chanjo ya rota mwaka 2012, na watoto wanaolazwa hospitalini kwa kuhara kunakotokana na virusi hivyo walipungua kwa kiasi kikubwa. Hutolewa kwa matone mdomoni pamoja na chanjo nyingine za miezi ya mwanzo, na haicheleweshwi. Aliyechanjwa bado anaweza kuhara kwa sababu nyingine.

Dawa za kufunga tumbo zinazouzwa kwa watu wazima hazipaswi kupewa mtoto mdogo hata kidogo. Antibayotiki nazo hazisaidii kuhara kunakotokana na virusi, na matumizi yake ovyo yanaweza hata kuongeza kuhara.

Hapa lugha ina faida yake. Kinyarwanda hutenganisha impiswi, kuhara majimaji, na macinya, kuhara kwenye damu. Sisi waongeaji wa Kiswahili mara nyingi husema tu "tumbo linamsumbua", na mhudumu hulazimika kuuliza upya. Ni vyema kusema wazi kama pana damu, kwa sababu matibabu hubadilika: damu katika kinyesi ni sababu ya kumfikisha mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ndivyo ilivyo pia akitapika kila anachopewa, akishindwa kunywa au kunyonya, akiwa na homa kali, macho yakiwa yamebonyea, ngozi ya tumbo ikivutwa na kurudi polepole, akikaa saa nyingi bila kukojoa, au akilegea na kulala kupita kawaida. Aliye chini ya miezi sita hapaswi kungojewa nyumbani. Kuhara kukifika siku 14 ni tatizo jingine linalohitaji uchunguzi.

Washauri wa afya wa vijiji wanazo pakiti za chumvi na vidonge vya zinki kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na wengi wetu tunaishi umbali wa dakika chache kutoka kwa mmoja wao. Wanao pia ule utepe wa kupimia mkono. Kwa mtoto mwenye miezi 6 hadi miaka mitano, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 huangukia kwenye rangi nyekundu, ambayo ni utapiamlo mkali, na kati ya 11.5 na 12.5 ni njano. Binti yetu alikuwa juu kidogo ya mpaka wa njano.

Kumweleza bibi ndiko kulikonipa kazi zaidi. Nilijaribu kwanza kwa kumsomea mwongozo, naye akanisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeshawishika. Aliyefanikiwa ni yule mshauri wa afya, ambaye hakumwambia kwamba alikosea. Alimuuliza: "Mama, mzazi akitoka kujifungua huwa mnampa nini?" Bibi akataja mchuzi, uji mzito, maziwa. "Na yeye si tumbo lake limeumia? Mbona hamlipumzishi?" Bibi alicheka, akaenda jikoni. Jioni hiyo ndizi zilipondwa na sambaza, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyehesabu milo sita.

Baada ya wiki mbili za mlo wa nyongeza mtoto apimwe tena uzito na mkono, hata kama anacheza na anaonekana mzima. Ikiwa uzito haujarudi pale ulipokuwa kabla ya kuugua, au utepe umesogea upande wa njano, apelekwe kituo cha afya na kadi yake ya kliniki, na mzazi ataje tarehe kuhara kulipoanza, siku kulipokoma, na alichokula mtoto katika siku hizo zote.